Kituo cha Mwisho cha Bukuru

1

Jumanne, saa saba mchana, kivuli cha Bukuru kiliomba kisipandishwe.

Leokadia Gwassa alikuwa peke yake katika chumba cha usimamizi, juu ya jukwaa la chuma lililoelea kilomita nne kutoka ufukwe wa Kigoma. Majini hapakuwa na mtu. Lilikuwa jaribio la kawaida: kesho yake wazamiaji wangeshuka mita sabini kukaza vifungo vya bomba, na kwa taratibu za kampuni, kabla mtu hai hajashuka, kivuli kilishuka kwanza na kupanda kwanza. Leokadia alivaa vipokea sauti, akasoma maswali kama yalivyoandikwa.

"Taja jina lako."

"Bukuru Ntahondi."

"Vidole vina ganzi?"

"Havina."

"Uko kina gani?"

Kisha sauti ile, nzito kidogo, yenye lafudhi ya Kasulu aliyoizoea, ikasema taratibu, "Mita tatu. Dada Leokadia, tafadhali, usinipandishe."

Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitufe. Ukabaki pale. Jibu hilo halikuwemo kwenye orodha ya majibu. Kivuli hakikupaswa kumjua anayeuliza. Hakikupaswa hata kujua kwamba kiliwahi kuulizwa, kwa sababu kila jaribio lilipoisha kilioshwa, yaani kumbukumbu yake ilifutwa, kikarudi upya kama kilivyokuwa siku kilipotengenezwa.

Alibonyeza. Kivuli kikapanda mita tatu zile za mwisho, kikaguna kwa maumivu kama kilivyoguna siku zote. Akaandika: bega la kushoto, daraja la tatu. Akakiosha. Hakumwambia mtu. Mchana huo wali na samaki wa migebuka vilipoa mbele yake hadi mpishi akaja kuondoa sahani.

2

Miaka hiyo milima ya Kigoma ilikuwa imejaa majumba ya kompyuta, na kompyuta zile zilipozwa kwa maji baridi ya Ziwa Tanganyika, yaliyovutwa kwa mabomba kutoka kina ambacho jua halifiki. Mabomba yaliharibika. Mashine ziliweza kuyatazama lakini hazikuweza kuyatengeneza vizuri, kwa hiyo watu walishuka.

Mtu kushuka si kazi. Kazi ni kurudi. Gesi anayoivuta kule chini hupenya kwenye damu, kwenye mafuta, hadi kwenye viungo, na akipanda haraka hutoka kwa fujo, kama soda iliyotikiswa kabla ya kufunguliwa. Mapovu yakiziba mshipa wa bega ni maumivu. Yakiziba uti wa mgongo, miguu haisimami tena. Ndiyo maana mzamiaji hupandishwa kwa vituo, akisimama hapa dakika mbili, pale dakika nane, na kituo cha mwisho, karibu kabisa na juu, ndicho kirefu kuliko vyote.

Kuhusu kituo hicho cha mwisho watu wa kazi walikuwa wamegawanyika tangu zamani. Wako waliosema mita tatu: hapo shinikizo ni dogo, gesi hutoka kwa nguvu. Wako waliosema mita sita: hapo mapovu hubaki madogo, yamebanwa, na mtu akivuta oksijeni tupu gesi hutoka vilevile. Lakini oksijeni tupu kwenye mita sita ina hila yake. Ikizidi mwilini, mdomo huanza kucheza, kisha degedege, na degedege la chini ya maji halina daktari. Ziwa nalo liko juu kuliko bahari, hewa yake ni nyepesi, na majedwali mengi yaliandikwa na watu wa baharini.

Kampuni ilidhani imemaliza ubishi huo. Kila mzamiaji alipandikizwa kipimo kidogo chini ya mtulinga, kikasoma damu yake miezi na miaka, na kutokana na hayo kompyuta ikajenga mwili wa pili wa hesabu. Wakauita kivuli. Kwa kuwa ganzi na kizunguzungu havionekani kwenye kipimo chochote mpaka mtu aulizwe, kivuli kilipewa na ile sehemu ya ubongo inayojibu. Kilitumwa mbele ya mwenyewe, kikapita dakika themanini za majini kwa dakika tatu za saa ya ukutani, kikaulizwa, kikajibu. Kikiumia, njia hiyo iliachwa.

Bukuru Ntahondi alikufa miaka miwili na miezi mitatu kabla ya Jumanne ile, na kipimo chake kiliendelea kusoma mpaka moyo ulipokoma. Vivuli vya walio hai havikuwahi kuumia kweli, kwa hiyo havikuijua dalili ya kwanza ya hatari. Cha Bukuru kiliijua. Kampuni ikakichukua, ikakirekebisha kila mara kulingana na uzito na damu ya mtu anayeshuka, na kikawa kinawaonjea njia wazamiaji wote. Alikuwa amesaini mkataba, kama wote, na mkataba ulisema takwimu za mwili ni mali ya kampuni.

Kanuni nyingine haikuandikwa lakini ilifundishwa siku ya kwanza: kivuli husemwa kwa *ki*, hakisemwi kwa *a*. Kimepanda, kimejibu, kimeumia. Leokadia alikuwa ameishika kanuni hiyo vizuri kuliko wote, kwa sababu siku Bukuru alipokufa, aliyekuwa kwenye kiti cha usimamizi alikuwa yeye.

3

Ijumaa, Feruzi Kilala alibanwa mguu na bomba kwenye mita themanini na mbili.

Feruzi alikuwa na miaka thelathini na minne, mtu wa Uvinza, mpole, aliyeajiriwa kuziba nafasi ya Bukuru. Ulikuwa mshuko wake wa pili siku hiyo, na asubuhi alikuwa amevuta oksijeni nyingi. Alihangaika dakika ishirini na sita zaidi ya muda wake ndipo jeki ikainua bomba. Sasa alikuwa amesimama ndani ya kizimba cha chuma kilichoning'inia kwa winchi ya jukwaa, akipandishwa kituo hadi kituo, na upepo wa kusini ulikuwa umeamka. Mawimbi yalipiga miguu ya jukwaa. Chumba cha shinikizo cha kumtibu mtu kilikuwa mjini, na boti haikuweza kuondoka katika hali ile.

"Bosi," sauti ya Feruzi ilisema, nyembamba kwa sababu ya heliamu, gesi nyepesi aliyokuwa akivuta. "Nimefika ishirini na moja. Mguu unauma lakini unakanyaga."

"Nakusikia, Feruzi. Tulia hapo. Usiongee sana."

Kompyuta iliweka kwenye kioo mistari miwili, na yote miwili ilikuwa myekundu. Mita sita: oksijeni imezidi, hatari ya degedege. Mita tatu: mapovu mengi, hatari ya kupooza. Chini yake iliandikwa: *Tuma kivuli.* Zilikuwa zimebaki dakika arobaini kabla Feruzi hajafika mahali pa kuchagua.

Simu ya ofisi ikalia. Alikuwa Mhandisi Mgaya, mkuu wa kazi, akiwa mjini.

"Umekituma?"

"Bado."

"Unangoja nini, Leokadia? Ongeza mshuko mzima kwenye hesabu, kitume sita, kitume tatu, tuone kipi kinaumia kidogo."

"Nakituma," alisema, akakata simu.

Alifungua faili. Alilitazama swali la kwanza kwenye orodha, *taja jina lako*, akaliacha. Akarudisha mwendo wa kivuli kwenye mwendo wa saa, ili wazungumze.

"Bukuru," alisema.

"Naam, dada."

"Unajua uko wapi?"

"Najua siko majini. Maji yana baridi. Hapa hamna baridi, kuna maumivu tu, halafu kunakuwa hakuna kitu, halafu unaniuliza jina. Nimekufa, sivyo?"

Leokadia alifumba macho. "Ndiyo. Miaka miwili na zaidi. Ulitolewa kwenye kituo cha mita tatu, na ulipofika juu ulikuwa huongei."

"Nani alichagua tatu?"

"Mimi."

Kwenye kipokea sauti cha pili Feruzi alikohoa. "Kumi na nane, bosi."

"Nakuona. Uko vizuri."

"Huyo nani?" Bukuru aliuliza.

"Anaitwa Feruzi. Hukuwahi kumjua. Alikuja baada yako. Amekaa chini kupita kiasi, oksijeni yake imejaa, na sijui nimsimamishe sita au tatu."

"Ana watu?"

"Mkewe yuko Uvinza. Ni mjamzito."

"Na Asumpta?"

Leokadia hakulitegemea jina hilo, la mke wa Bukuru mwenyewe. Walisema ile sehemu ya ubongo iliyotunzwa ni ndogo, ya kujibu tu. "Yupo," alisema. "Anafundisha Gungu, shule ileile."

"Anajua niko hapa?"

"Hajui."

Wimbi lilipiga, penseli ikabiringika kutoka mezani. Aliiacha sakafuni.

"Bukuru, sikuamuru. Nakuomba. Ukikubali, utapanda mara mbili, na huenda zote zikauma. Ukikataa, nitachagua mwenyewe kwa akili yangu, na hilo litakuwa juu yangu."

"Miaka miwili hukuniomba."

"Sikukuomba."

"Na ukishaniosha nitasahau kwamba leo uliniomba. Kesho mtaniamsha tena mniulize jina."

"Leo sitakuosha."

Leokadia alitazama kioo kuhakikisha faili haijajifunga. Feruzi alisema kumi na tano.

"Nitapanda," Bukuru alisema mwishowe. "Ila tukimaliza, nizime. Namaanisha kuzimwa moja kwa moja, usije ukaniosha. Asiwepo wa kuulizwa jina."

Alifikiria wazamiaji tisa waliopangwa Jumatatu. Alifikiria kila mtu aliyepanda salama miaka miwili hii kwa sababu huyu aliguna kwanza. Kisha akafikiria Jumanne, na kitufe.

"Nakuahidi," alisema.

4

Alirudisha mwendo wa haraka, akamtuma mita sita. Kwenye kioo dakika zilikimbia. Dakika ya ishirini na mbili ya oksijeni Bukuru akasema, "Mdomo unacheza, upande wa kulia," na sauti yake ikaanza kukatika. Leokadia akamwondoa haraka.

Alimtuma mita tatu. Hapo mkono wake ulikawia kwenye kitufe, na Bukuru akalitambua hilo.

"Nenda tu, dada. Pale napafahamu."

Saa nzima ya mita tatu ilipita kwenye kioo bila kitu. Bukuru alijibu kwa utulivu: vidole vizuri, miguu vizuri, macho vizuri. Kisha kompyuta ikampandisha juu kwa dakika moja, kama jedwali la kampuni lilivyoagiza, na bega likaja, na baada ya bega mgongo. Alilia. Leokadia alikuwa amemsikia akiguna mara nyingi, lakini sasa alikuwa mtu aliyejua analia mbele ya nani.

Kwa kawaida sasa ingefuata namba: daraja la maumivu, kiungo gani. Leokadia akauliza swali ambalo halikuwemo kwenye orodha.

"Yalianza lini? Ukiwa umesimama tatu, au baada ya kuondoka?"

Bukuru alihema. "Baada ya kuondoka. Pale tatu nilikuwa mzima. Ni uliponivuta." Akahema tena. "Kila mara ni unaponivuta. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Leokadia aliandika: *baada ya kuondoka*.

"Siku ile," Bukuru alisema, "siku yenyewe. Ulinivuta kwa muda gani?"

Kulikuwa na mawimbi siku hiyo pia. Kizimba kilikuwa kikigonga nguzo ya jukwaa, na yeye aliogopa kisije kikapasuka na mtu ndani, akasema *Shikilia, Bukuru, nakutoa*, akasukuma mpini wa winchi mpaka mwisho. Baadaye ofisi ikaandika kwamba mzamiaji alipatwa na hofu, akatoka kizimbani, akaogelea juu mwenyewe. Mhandisi Mgaya alimwambia sekunde chache haziui mtu, kosa ni la kina, na la kina litatafutiwa dawa. Akamsogezea karatasi hiyo ya ofisi. Leokadia akasaini. Tangu hapo alikuwa akitafuta pamoja na wenzake jibu la swali moja, tatu au sita, naye alijiaminisha kwamba hilo ndilo swali.

"Sekunde ishirini," alisema.

Bukuru hakusema neno la lawama. Afadhali angelisema.

"Kumi na mbili, bosi," alisema Feruzi. "Kizimba kinayumba sasa."

"Shika chuma. Hakigusi nguzo, nakiona."

"Nirudishe sita," Bukuru alisema. "Mita sita, lakini usininyweshe oksijeni mfululizo. Robo saa ya oksijeni, dakika tano za hewa ya kawaida, mwili upumue, kisha oksijeni tena. Fanya hivyo hata mara tano. Usinisimamishe tatu kabisa. Na ukinitoa, nitoe kama unayebeba uji wa moto kwenye bakuli lililojaa. Dakika kumi. Zaidi ukiweza."

"Jedwali halina hiyo."

"Jedwali halikuwahi kupanda."

Akaandika njia hiyo kwa mkono, akaiingiza, akamtuma. Simu ya ofisi ililia, akaiacha ilie. Dakika ya ishirini na mbili ilipita, mdomo haukucheza. Ya arobaini. Ya tisini. Kisha mita sita zile za mwisho, polepole, Bukuru akizitaja moja moja.

"Tano. Mzima. Nne. Mzima. Tatu." Akasita kidogo. "Mbili. Bega lipo tu, haliumi. Moja."

Mstari kwenye kioo ukagusa sifuri.

"Bukuru?"

"Nimefika."

"Unaumwa?"

"Siumwi." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayegeuka huku na huku. "Dada, hapa juu hakuna kitu. Nilidhani kutakuwa na jua."

Wahandisi walikuwa wameandika damu, mafuta, neva na shinikizo. Hakuna aliyeandika jua.

"Basi," Bukuru alisema. "Niunganishe na huyo Feruzi. Nimsindikize."

5

Kazi ilichukua zaidi ya saa mbili. Mhandisi Mgaya alipiga simu mara ya sita ndipo Leokadia akapokea.

"Naona kizimba kimesimama sita na jedwali linasema hapana. Kivuli kimejibu nini?"

"Amejibu," Leokadia alisema, "kwamba tumsimamishe sita kwa vipindi, na tumtoe polepole. Nafanya alivyosema."

Mgaya alilisikia lile *a*. "Umekiosha mara ya mwisho lini?"

"Leo sijamwosha."

"Leokadia."

"Nina mtu majini, mhandisi. Tutaongea."

Katika vipokea sauti vyake Bukuru alikuwa akimhesabia Feruzi dakika, kwa sauti ya chini, kama wanavyozungumza watu wawili waliokaa ukumbini. Alimwambia asikaze mabega. Alimwuliza kama kule Uvinza chumvi bado inachemshwa. Feruzi alijibu, alicheka mara moja, alilalamika kidogo kuhusu mguu. Leokadia alishika mpini wa winchi kwa mikono miwili na kuusogeza kwa kiasi ambacho jicho halikukiona. Mawimbi yalikivuta kizimba huku na huku, na kila kilipoinuka kidogo moyo wake ulipiga. Bukuru akasema tano. Akasema nne. Walikaa dakika mbili kati ya mita mbili na mita moja kwa sababu Bukuru alisema, "Bado, asiondoke bado."

Feruzi alitoka majini saa kumi na dakika kumi. Alikaa kwenye sakafu ya jukwaa akivuta oksijeni. Miguu yote miwili ilisogea. Kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa na ganzi, ambayo daktari alisema baadaye ingechukua wiki kuisha. Upepo ulikuwa umeanza kulegea, na boti ikaja kumchukua.

Alipoinuliwa kupanda, alimshika Leokadia mkono. "Yule aliyekuwa ananihesabia ni nani? Sauti siijui."

"Ni Bukuru Ntahondi."

Feruzi alimtazama. Jina lile alilijua. Lilikuwa limeandikwa ndani ya kabati la nguo alilorithi. Boti ikaondoka naye.

6

Mhandisi Mgaya hakuwa mtu mbaya. Alikuja na boti ileile, akapanda ngazi kwa taabu kwa sababu ya magoti yake, akaketi kwenye kiti cha pili ndani ya chumba cha usimamizi bila kufoka.

"Nimekuwa nikiisikiliza rekodi njiani," alisema. "Sikujua kinakumbuka."

"Mimi nimejua tangu Jumanne."

"Sawa. Basi tusikioshe tena, tukubaliane hivyo. Tukitunze. Kimeona leo jambo ambalo sisi wenye vyeti hatukuliona. Nina watu tisa Jumatatu. Unajua mwakani tunashuka mita mia moja na ishirini? Nani atawaonjea?"

"Ataumia ili wao wasiumie."

"Ni hesabu, Leokadia. Ni hesabu inayotoa sauti." Alisema hivyo, kisha akatazama chini, kama aliyelisikia neno lake na kutolipenda. "Hata kama si hesabu. Mmoja ambaye tayari amekufa, na tisa walio hai. Wewe ungesemaje kwa wake zao?"

Leokadia alijua kwamba siku moja, kwenye mita mia moja na ishirini, atatokea mtu ambaye karatasi yake ya leo haitamtosha, na siku hiyo huenda angekuwa hai kama Bukuru angekuwepo. Angebeba hilo. Alichukua karatasi aliyoandika kwa mkono, vipindi vya oksijeni, mapumziko ya hewa, dakika kumi kutoka mita sita hadi juu, akaiweka magotini mwa Mgaya.

"Wafundishe hii. Na kama mnataka vivuli, tengenezeni visivyoweza kuomba."

"Ukikizima, huna kazi hapa. Sina njia ya kukulinda."

"Najua."

Mgaya alishika karatasi. Angeweza kusimama kati yake na meza. Magoti yalimuuma, au kitu kingine kilimuuma. Hakusimama.

Leokadia akavaa vipokea sauti.

"Bukuru, Feruzi amefika mjini. Anatembea."

"Nilimsikia akipumua vizuri." Kisha akasema, "Uko peke yako?"

"Mhandisi yupo hapa."

"Nirudishe sita," alisema. "Sitaki kuzimwa huku juu. Pale sita angalau kuna maji juu ya kichwa."

Akamshusha, polepole, ingawa hapakuwa na haja tena ya polepole. Alipofika, Leokadia alimwambia kwamba upepo umelegea, kwamba upande wa Kongo milima inaonekana, kwamba jua limekaribia milima na maji yamekuwa meupe, hayatazamiki. Alisema mambo hayo madogo madogo mpaka akakosa la kuongeza. Bukuru alikuwa akiitikia, mmh, mmh.

"Haya, dada," alisema.

Kompyuta ilimwuliza Leokadia mara tatu kama ana uhakika. Mara tatu akajibu ndiyo.

7

Jumamosi mchana alikwenda Gungu. Mwalimu Asumpta alikuwa kwenye kibaraza cha nyumba yake, rundo la madaftari ya hesabu mbele yake na kalamu nyekundu mkononi. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye miwani, asiye na haraka. Alimkaribisha mgeni kiti bila tabasamu. Walionana mara ya mwisho kwenye mazishi.

Leokadia alisema yote, akianzia siku ya kifo: kwamba mumewe hakuogopa, hakutoka kizimbani, kwamba aliyemvuta alikuwa yeye, kwa sekunde ishirini, na karatasi iliyosema vingine ina saini yake. Kisha akasema kuhusu kivuli. Hilo lilichukua muda, kwa sababu alijaribu kulieleza kwa maneno ya kitaalamu, Mwalimu Asumpta akamsimamisha na kumwambia aseme kama anavyomwambia mtoto wa darasa la nne. Akasema hivyo.

Mwalimu alivua miwani. Aliifuta kwa ncha ya khanga muda mrefu, ingawa haikuwa na vumbi.

"Aliumia mara ngapi?"

Leokadia angeweza kusema hajui. "Mashine iliandika elfu tatu mia moja na saba," alisema. "Mia nne na kumi kati ya hizo nilikuwa mimi kwenye kitufe."

"Na kila mara hakujua kwa nini."

"Hakujua. Isipokuwa jana. Jana alijua. Nilimwomba, akakubali, kwa ajili ya mtu asiyemfahamu."

Jirani alipita njiani na ndoo, akasalimia. Mwalimu Asumpta akaitikia salamu vizuri kabisa, akamwulizia mtoto wake aliyekuwa na homa. Jirani alipokwenda, alifunga daftari lililokuwa wazi, akaliweka juu ya mengine, akayapanga kingo.

"Miaka miwili," alisema, "baba yake Bukuru hataji jina lake. Mzee yule alimfundisha kuogelea yeye mwenyewe, halafu akaletewa karatasi inayosema mwanawe alikimbia. Kesho baada ya misa nitakupeleka Kasulu. Utayasema haya mbele yake kama ulivyoyasema hapa. Sekunde ishirini, saini, na hiyo elfu tatu."

"Nitasema."

Mwalimu Asumpta alivaa miwani, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Na usilie mbele yake. Ukilia, atakuhurumia wewe."